Bei ya Kwanza ya Arlys Jirovec

Arlys Jirovec hakuwahi kupatana bei na mtu. Ukimwambia trekta hili ni kiasi fulani, anafungua pochi. Ukimwambia ng'ombe wake hafiki pale anapotaka, anasema, "Haya, basi," na kukukabidhi kamba. Mimi, Norb Deprey, nauza matrekta ya mkono wa pili kando ya barabara ya kaunti, na wateja wa namna yake sisi wauzaji tunawaombea maisha marefu. Lakini mumewe Emil alikuwa rafiki yangu. Alipofariki, mwezi wa Agosti, nyasi za mwisho zikiwa bado shambani, ilinibidi nimfukuze Arlys uani siku ya mnada ili ng'ombe wauzwe kwa bei ya ng'ombe. Alikuwa ameshaanza kumwambia kila mnunuzi ni yupi anayepiga teke na ni yupi maziwa yake yamepungua.

"Dada, nenda ukapike kahawa," nilimwambia.

"Wasije wakasema tumewaficha kitu, Norb."

"Wana macho. Nenda."

Baada ya hapo akapata kazi kiwanda cha jibini, kugeuza mapande ya jibini ndani ya beseni refu kuliko kanisa, mpaka mikono yake ikawa myekundu hadi viwikoni. Na akarithi kiti cha Emil kwa Marv.

Kwa Marv ndiyo baa yetu. Nyuma kuna njia nne za kubingirishia mpira kuangusha pini, na kila Ijumaa kuna samaki wa kukaanga. Mwisho wa Agosti watu kumi tunajifungia chumba cha nyuma kuchagua vikosi vya ligi yetu ya kubuni. Mchezo wenyewe si mgumu. Unachagua wachezaji wa kweli wa mpira wetu wa Kimarekani, kwa zamu, mmoja mmoja, na jina likishachukuliwa limekwenda. Jumapili wakidaka mpira, wakiubeba, wakiufikisha mwisho wa uwanja, wewe uliyekaa baa na bia yako unaandikiwa pointi. Marv ana ubao ukutani na karatasi za vibandiko, kila mchezaji na kibandiko chake. Ukitaja jina, anakibandua na kukibandika upande wako, na papo hapo umekuwa bosi wa mtu ambaye hatajua kamwe kwamba upo.

Arlys alitupita kwa hilo moja. Mchezaji wake mmoja alimjua vizuri, kwa kuwa alimzaa.

Wade Jirovec alikulia kwenye marobota ya nyasi, akarefuka mpaka akawa anainama kuingia zizini, na klabu moja ya kusini ikamchukua kucheza mwishoni mwa ukuta wa wasukumaji. Mtu wa nafasi ile ana kazi mbili: safari hii anatoka mbio kwenda kudaka, safari ijayo anabaki kumsukuma adui ili mwenzake apite. Wako wanaodaka sana, na hao wana bei. Wade alikuwa wa kusukuma. Mrushaji wao alimrushia mpira mara moja katika mechi, mara mbili akiwa na bahati, na ziko Jumapili ambazo alimsahau kabisa. Juu ya hayo alikuwa mbovu. Mwaka huu kifundo cha mguu, mwaka ule goti, kisha ukaja mgongo, ambao haukupona tena, ulikuwa ukipumzika tu. Ningeletewa trekta la hivyo ningelichukua kwa ajili ya vipuri. Na mchezo wetu hautoi pointi kwa anayemfungulia mwenzake njia.

Emil alipokuwa kitandani, Wade alikuwa kambini kwenye mazoezi. Emil mwenyewe alimwambia kwa simu abaki. Mtu haachi kazi katikati ya mavuno. Wade akabaki. Akaja mazikoni, akabeba jeneza, akarudi kusini siku ile ile. Yeye na mama yake hawakugombana. Ingekuwa nafuu, maana ugomvi una maneno. Hawa walikosa la kuambiana, na Wajirovec tangu zamani si watu wa maneno. Emil alimposa Arlys kwa kumtengenezea baba yake pampu ya kisima.

Basi msimu ule wa kwanza Arlys alikaa kwenye kiti cha marehemu, hajui jina hata moja. Tulimsaidia kuchagua. Raundi ya mwisho, ilipobaki takataka tu, akataja jina la mwanawe, nasi tukacheka kwa adabu. Jumapili ya kwanza Wade alidaka mpira mmoja. Mechi ilipokwisha Arlys aliinuka, akaenda dirishani karibu na njia za pini, ndiko simu inakoshika vizuri, akapiga.

"Wade? Ni mimi. Umeniletea pointi mbili na nusu."

Tulimsikia Wade akicheka kutoka pale tulipoketi.

Toka siku hiyo ikawa desturi. Kila Jumapili jioni, mechi za mchana zikiisha, Arlys anakwenda dirishani. Marv anapunguza sauti ya televisheni. Anayecheza pini anabaki ameshika mpira wake kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Pointi kwanza. Kisha theluji, imeanguka au bado. Kisha paa la zizi, ambalo halikuwa na ng'ombe chini yake. "Haya, basi," anasema Arlys. "Haya, Mama," anasema Wade. Anarudi mezani, uso umemlegea, anakula viazi vyake.

Raundi ya mwisho ikawa ya Arlys na Wade. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Hata mlevi aliijua.

Hadi alipoivunja Gib Lohrey. Gib anauza bima, anavaa koti zuri hata kwenye samaki, na amezoea kushinda ligi yetu. Mwaka ule Arlys, kwa bahati tu, alikuwa amempata Marquel Tibbs, mkimbiaji mkali, wa klabu ile ile ya Wade. Gib alimtaka Tibbs. Zamu yake katika raundi ile ya mwisho ilikuja kabla ya zamu ya Arlys. Akajinyoosha, akapiga miayo ya uongo, akasema:

"Nipe yule kijana wa Jirovec."

Marv alikuwa ameshika karatasi ya vibandiko, hakubandua.

"Acha utani, Gib," alisema.

"Utani gani? Jina lipo, zamu ni yangu. Au kuna sheria ya kanisa?"

"Utamfanyia nini? Huyo hata mrushaji wake hamrushii."

"Napenda vijana wa nyumbani. Bandika, mzee."

Marv akabandika. Arlys alikuwa akitazama mikono yake. Zamu yake ilipofika alisema chukua yeyote, Marv, yeyote tu.

Jumatatu alikuja kwangu na gumboti za kiwandani, akanikuta chini ya trekta.

"Nirudishie Wade," alisema. "Wewe unajua kuongea na watu."

"Gib anataka nini?"

"Tibbs. Nimeshakubali moyoni, nimekuja tu unisindikize."

Nilitoka chini ya trekta. "Arlys. Humpi mtu fahali ili akupe paka. Huyo Wade kwenye ubao wa Marv hana thamani ya kibandiko chenyewe. Ana bei kwa sababu moja tu, kwamba Gib ameuona uso wako. Sasa uufiche. Ijumaa njoo ule samaki, ucheke, umsifu Tibbs. Zije zile wiki klabu zinapopumzika, Gib atakosa watu wa kupanga, atahitaji nafasi, atamtupa Wade mwenyewe. Na akitupwa, wa mwisho kwenye msimamo ndiye anayeokota kwanza, na unajua wa mwisho atakuwa nani."

"Wewe."

"Mimi kila mwaka. Nitamwokota, nitakupa, utanipa mpiga mateke wako, yule wa kuupiga mpira kwa mguu tu. Hutapoteza kitu."

Alifikiri. "Na Jumapili hizi za katikati?"

"Zina nini?"

"Nikimpigia nitamwambia nini?"

"Wewe ni mama yake. Mwambie umempigia."

"Hatujui kuongea hivyo, Norb," alisema, kama mtu anayekwambia gari halina gia ya nyuma. Kisha akarudi kiwandani.

Alijitahidi, sitamnyima hilo. Alimwambia Wade mara moja tu kwamba Gib amemchukua, kisha Jumapili zikapita bila simu. Mechi zikiisha, Marv alikuwa ameshapunguza sauti kabla hajakumbuka, kisha akaipandisha. Arlys alikaa na Tibbs wake aliyekuwa akimletea pointi za kumwaga, akapanda hadi kileleni, na kila mtu akampongeza. Alisema asante kwa sauti ya mtu anayepewa pole.

Mimi nilimfanyia kazi Gib kwa upande wangu. Wiki ya mapumziko ilipokaribia nilimkuta kaunta.

"Gib, Jumapili utapanga nani? Nusu ya watu wako wamelala."

"Nitajua."

"Una kiti kimekaliwa na mtu mwenye mgongo mbovu. Nimesoma leo, hata mazoezi hakufanya."

"Norb, mzee wangu," alisema Gib, akanishika bega, "ukiwa unauza trekta bovu huwa unalisifu. Hili unaliponda. Kwa nini unaliponda kama huna mnunuzi?"

Alikuwa mfanyabiashara, nampa haki yake. Lakini na mimi nilimwona akihesabu watu wake kwa vidole chini ya kaunta. Alikuwa amekwisha. Wiki moja tu, pengine chini ya hapo, na angemwachia.

Ijumaa ile nilichelewa kufika kwenye samaki. Nilipoingia, Marv alikuwa juu ya kiti mbele ya ubao, amekibandua kibandiko cha Tibbs. Gib alikuwa akimnunulia kila mtu brandi na soda.

"Umefanya nini?" nilimuuliza Arlys.

"Wamesema mgongo umezidi. Jumapili huenda akacheza, huenda asicheze. Huenda asicheze tena." Alikuwa akikata samaki wake vipande vidogo, kama wa kumlisha mtoto. "Nikamuuliza Gib anataka nini, akasema Tibbs."

"Hiyo ilikuwa bei ya kwanza. Angekupa bure, Arlys. Alikuwa ameshafika."

"Alitaja bei, nikalipa. Kula, Norb, samaki atapoa."

Jumapili Wade alicheza. Baa ilijaa kuliko siku zote. Hata wasiokuwa kwenye ligi walijua. Arlys alivaa sweta la Emil. Robo ya kwanza hawakumrushia Wade. Robo ya pili hawakumrushia. Robo ya tatu, karibu na mwisho wa uwanja, mpira akapewa Tibbs, na Wade akaliingia jitu lililokuwa mbele yake, bega kifuani, akalisogeza hatua kwa hatua kama anayesukuma mlango wa ghala uliogandwa na barafu. Njia ikafunguka pana. Tibbs akapita humo bila kuguswa, akafika, akainua mikono. Pointi zikaenda kwa Gib. Gib hakushangilia. Alikuwa akitazama kioo kama sisi sote, kwa sababu rundo la wachezaji lilipoinuka Wade hakuinuka.

Walimtoa kwa kigari. Marv akazima sauti kabisa.

Arlys alisubiri mechi iishe. Nilimwambia asisubiri, akasema mechi bado. Ilipokwisha alikwenda dirishani. Nje kulikuwa kumeshaingia giza, lile la mapema la Novemba. Alipiga mara kadhaa kabla haijapokelewa, na simu akaiweka kwenye sauti kubwa, pengine hakujua alichobonyeza.

"Mama," alisema Wade. Sauti ilikuwa ya dawa. "Gib amenitupa?"

"Umerudi kwangu tangu Ijumaa."

"Ulimpa nini?"

"Si kitu."

"Nimekuletea ngapi?"

"Sifuri."

"Nilijua."

"Ile uliyomfungulia mwenzako niliiona. Ilikuwa nzuri. Baba yako angeipenda."

"Hiyo hailipwi kwenye mchezo wenu, Mama."

"Najua hailipwi."

Kisha wakaja kwenye theluji. Haikuwa imeanguka. Kisha paa la zizi. Gib Lohrey alivaa koti lake, akatoka bila kumaliza brandi aliyoilipia.

Klabu ilimweka Wade kwenye orodha ya majeruhi mpaka mwisho wa msimu. Jina lake likawa jekundu kwenye mtandao wa ligi, na kanuni inakuruhusu umtoe mtu wa namna hiyo, uweke mzima mahali pake. Tulimwambia. Mimi nilimwambia, Marv alimwambia, hata Gib alimwendea.

"Bi Arlys, mtoe. Hata anayekaa benchi atakupa kitu. Utaporomoka."

"Yupo mahali pake," alisema Arlys.

Akamwacha kikosini kila wiki. Na kila Jumapili jioni alikwenda dirishani na kumwambia mwanawe sifuri. Sifuri ile waliizoea, wakaifanyia mzaha. "Leo umenipa kiasi kile kile." "Angalau sishuki, Mama." Nadhani zile ndizo Jumapili walizoongea kuliko zote, siku moja walifika hadi habari ya mbwa aliyekufa Wade akiwa shule. Huku kwenye msimamo wa ligi Arlys alishuka kutoka kileleni mpaka chini kabisa, chini yangu mimi, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea kwa mtu.

Kwetu anayemaliza wa mwisho hasamehewi. Wakati wa kiangazi, kwenye sherehe ya parokia, ndiye anayesugua masufuria makubwa ya booyah, ule mchuzi wetu wa kuku unaopikwa usiku kucha na kugongwa na kasia. Nilimkuta Arlys nyuma ya ukumbi wa kanisa, kichwa na mabega viko ndani ya sufuria, anasugua. Wanaume walikuwa wamemwambia aache, watasugua wao. Alikataa.

"Wade hajambo?" niliuliza.

Alitoa kichwa. "Klabu imemwachia. Mwezi wa tatu."

"Nilisikia. Anarudi nyumbani?"

"Hapana. Kuna mtu huko kampa kazi kwenye ghala la mabati. Anasimamia tu, habebi." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Aliniambia mwenyewe kwa simu. Akasema, 'Sasa huna sababu ya kunipigia kila Jumapili, Mama. Pumzika.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema haya, basi."

Nikakaa juu ya kreti. Kulikuwa na muziki wa kodiani ukumbini na watu wakicheza polka. "Arlys, nisikilize. Mimi nimekula kwa kazi hii maisha yangu yote. Mtu akikutajia bei ya kwanza, hiyo siyo anayoitaka. Anaitaja ili akuone utafanya nini. Kijana wako alikuwa anasubiri umkatalie. Aseme huna sababu, useme ninayo. Aseme pumzika, useme sijachoka. Hapo ndipo mnaanza."

"Wewe ungejuaje?"

"Kwa sababu ndivyo watu walivyo."

"Wateja wako ndivyo walivyo." Hakusema kwa ubaya. "Sisi hatubishani bei, Norb. Baba yake alimwambia abaki kambini, akabaki. Hakubishana. Na Emil kila siku alikuwa anageuza uso kuelekea mlangoni, kuona kama anakuja."

Alirudisha kichwa ndani ya sufuria. Nilimsikia akisugua, mwangwi wake kama mtu aliye kisimani. Nilikuwa na jambo la kusema juu ya Emil na mlango, nikaona halitauzika.

Agosti ikaja. Tulikaa chumba cha nyuma, watu kumi wale wale, Marv na karatasi mpya za vibandiko. Gib alichagua taratibu, bila maneno mengi, na raundi ya mwisho ilipofika zamu yake alisema mpiga mateke, mpiga mateke yeyote, haraka. Kisha ikawa zamu ya Arlys.

"Wade Jirovec," alisema.

Marv alizitazama karatasi. Alizigeuza, akazitazama upande wa pili, ingawa alijua kama sisi. Wanaochapisha vibandiko huchapa majina ya walio kwenye klabu tu.

"Hayupo, Arlys," alisema. "Hawajamchapa."

"Mwandikie kwa kalamu basi," nilisema mimi. "Karatasi yoyote. Kitakuwa kiti kilichokufa, kuna ubaya gani?"

"Mtandao hautamkubali, Norb. Hana klabu."

Arlys alitikisa kichwa. "Haya, basi. Niruke."

Ukirukwa, mtandao unakuchagulia. Ulimchagulia kijana fulani wa pwani ya magharibi, mzima wa viungo, anayecheza nafasi ile ile ya Wade, ambaye mrushaji wake anampenda kama ndugu. Anadaka na kudaka. Wiki hizi Arlys anaongoza ligi. Juzi nilimuuliza yule kijana anaitwa nani, akafikiri, akaniambia nimtazame ubaoni.

Jumapili jioni bado anakuja kwa Marv. Mechi za mchana zikiisha, Marv anapunguza sauti, mkono wake haujasahau, na anayecheza pini anasimama na mpira wake. Wote tunatazama viazi vyetu. Arlys haendi dirishani; simu yake iko juu ya meza karibu na bakuli lake, kioo juu, na huko kusini, kwa ninavyomjua Wade, kuna nyingine imewekwa hivyo hivyo. Tunangoja kidogo. Kisha Marv anapandisha sauti.